Binti yangu amesukuma sahani yangu, anataka kuku wa Kimarekani

"Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, mwaka wa 22 sasa. Pilau yangu watu wanaifuata kutoka Pangani na Muheza. Binti yangu ana miaka 14. Likizo iliyopita alikaa kwa shangazi yake Sinza, Dar, na aliyerudi si yule niliyempeleka. Bada (ugali wa muhogo) hali, samaki wa kupaka anasema ananuka, wali wa nazi anaonja vijiko viwili anasukuma sahani. Anachotaka ni kuku wa kukaanga wa Kimarekani, chipsi, baga na soda. Anaongea kwa kubana pua kama wale wa kwenye simu. Sasa anaomba siku yake ya kuzaliwa, Desemba, tumpeleke Dar kwenye mgahawa wa kuku. Bibi yake anasema kuna kitu wanatia kwenye hicho chakula ili watoto wasikiache. Mke wangu anasema nimwache, ni utoto. Mimi naona tunatawaliwa upya kupitia tumbo. Nimpige marufuku? Na kwa nini dunia nzima inababaikia chakula cha Wamarekani wakati hata kupika hawajui?"

Kaka yangu mpishi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mtu wa lishe, nikawa nahesabu soda na chipsi. Mara ya pili niliisoma kama binti wa mama aliyekuwa akiuza vitumbua, ndipo nikasikia kinachouma hasa. Mtu aliyelisha harusi za wilaya tatu anasukumiwa sahani nyumbani kwake, na anayeisukuma ni damu yake mwenyewe. Hilo haliponi kwa hesabu ya kalori.

Ndani ya barua yako kuna kesi mbili ulizozifunga katika furushi moja. Ipo kesi ya afya: je, chakula hiki kitamdhuru mtoto? Na ipo kesi ya heshima: je, binti yangu anatukataa? Nakuomba tulifungue furushi. Wazazi wengi wanaokuja kwangu huzichanganya, wakaishia kumhubiria mtoto uzalendo pale palipohitajika kupunguza soda tu, au wakagombana naye juu ya soda wakati mwenzao ana jambo jingine kabisa moyoni.

Nianze na lile ulilomalizia kwa hasira, kwamba Wamarekani hawajui kupika. Nusu yake naikubali, lakini nitakuja nayo baadaye. Nusu nyingine si haki. Huyo kuku chimbuko lake ni majimbo ya kusini mwa Marekani. Inasemekana wahamiaji kutoka Uskoti walikwenda na desturi ya kukaanga kuku kwenye mafuta, na Waafrika waliopelekwa utumwani, ambao ndio waliokuwa wakishinda jikoni, wakatia viungo na mkono wao. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, katika mji wa Gordonsville, Virginia, wanawake weusi walikuwa wakienda kituo cha treni na masinia ya kuku wa kukaanga kichwani, wakiwauzia abiria madirishani. Mimi nikisoma habari za wanawake hao naiona Korogwe: basi limesimama, machungwa na mahindi ya kuchoma yananyanyuliwa juu, chenji inatupwa gari likiwa limeshaanza kuondoka. Hata yule mzee wa ndevu nyeupe unayemwona kwenye makopo, Harland Sanders, mwanzilishi wa migahawa ya KFC, alianza mwaka 1930 kwa kuwalisha wasafiri kwenye kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky. Ni chakula cha njiani, kaka, kama cha Segera.

Baga nayo jina lake limetoka Hamburg, Ujerumani. Ketchapu, neno na kitu chenyewe, vinafuatiliwa hadi kwenye mchuzi wa samaki wa kusini mwa China. Viazi asili yake milima ya Andes, wakavikaanga Wazungu wa Ulaya. Ukilitazama sinia analolitamani binti yako, Mmarekani mwenyewe humwoni kirahisi.

Alichoongeza ni mpangilio. Mwaka 1948, huko San Bernardino, California, ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walifunga mgahawa wao kwa muda, wakapunguza orodha ya vyakula, wakaondoa sahani na uma, kisha wakaligeuza jiko kuwa kama kiwanda: huyu anageuza nyama tu, yule anapaka sosi tu, mwingine anafunga kwenye karatasi. Baga waliiuza senti 15. Wewe unayepika kwa watu 400 unaelewa kugawana kazi. Lakini kwenye sufuria yako kuna jambo moja ambalo wale ndugu walilikimbia: mkono wako. Ukiugua, pilau ile haipo. Wao waliunda jiko ambalo kijana yeyote aliyeajiriwa Jumatatu anaweza kutoa Ijumaa kile kile anachotoa mwenye miaka kumi kazini. Kwa hiyo uliposema hawajui kupika, kuna ukweli umeugusa bila kukusudia. Mfumo ule uliundwa ili mpishi asihitajike.

Na kabla hatujaachana na habari za asili, nikuguse kidogo. Bada lako ni la muhogo, na muhogo ulivuka bahari kutoka Brazil kwa vyombo vya Wareno. Mahindi, nyanya, pilipili na karanga vimetoka upande ule ule wa dunia. Pilau yenyewe tumeipata kwa majirani wa Bahari ya Hindi. Hakuna anayesema Mtanga anayekula bada amejikana. Sisi tuliokuwa watoto wakati wa foleni za vyakula tunaukumbuka pia ule unga wa mahindi ya njano wa msaada, tuliouita unga wa Yanga kwa rangi yake. Chakula cha Marekani kabisa, na hakuna aliyekibabaikia. Tulikula kwa kununa. Kwa hiyo si kila kitokacho Marekani kinavutia, na huko ndiko tunakopaswa kuchimba.

Sasa hofu ya bibi: wanatia kitu. Mwambie bibi kwamba hakuna dawa ya kulevya kwenye kuku, ila hisia yake kwamba chakula kile kimetengenezwa ili kiendelee kulika haiko mbali na ukweli.

Wewe unaujua ukoko. Unajua watoto wanavyougombania chini ya sufuria la wali, ule uliokauka, wenye rangi ya kahawia, unaolia ukiutafuna. Kinachotokea pale ni kwamba moto mkali unakutanisha sukari na protini zilizomo ndani ya chakula, maji yakishakauka, na hapo huzaliwa rangi, harufu na ladha ambazo hazikuwepo kabla. Ndicho kinachotokea kwenye nyama ya kuchoma na kwenye ganda la mkate. Kuku wa Kimarekani ni kuku aliyevishwa ukoko mwili mzima. Ndani laini, nje panalia, chumvi imekolea, mafuta yamebeba viungo. Ulimi wa binadamu popote ulipo hauhitaji kufundishwa kupenda hivyo. Bada na samaki wa kupaka vinahitaji kufundishwa, na ndiyo maana anayevipenda amevila tangu akiwa mdogo.

Wengine huongeza ile chumvi ya ladha tunayoiita ajinomoto. Ilitambuliwa Tokyo mwaka 1908 na mwanakemia Kikunae Ikeda, alipochunguza kilichoufanya mchuzi wa mwani uwe mtamu. Kitu chenyewe kimo pia kwa asili kwenye nyanya zilizoiva na kwenye dagaa wako. Kwa kiasi cha kawaida cha jikoni si sumu. Ninachokihofia zaidi ni mambo mawili ambayo hayana siri yoyote.

La kwanza ni kasi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja, wakawapa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani na wiki mbili vyakula vya kupikwa kawaida. Kila mtu aliruhusiwa kula hadi ashibe. Walipokuwa kwenye vile vya kiwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku, na wakanenepa. Sehemu ya sababu ni kwamba chakula laini, kisicho na mifupa ya kuhangaika nayo wala nyuzinyuzi za kutafuna, kinashuka haraka kuliko habari ya shibe inavyopanda kutoka tumboni hadi kichwani. Samaki wako mwenye miiba anamlazimisha mlaji kwenda polepole. Ni sifa, ingawa mtoto wa miaka 14 haioni hivyo.

La pili ni soda. Chupa moja ya nusu lita ya koka ina karibu gramu 53 za sukari, kama vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia hiyo 10 ni gramu 50. Chupa moja tu na mstari umeshavukwa, kabla ya chai ya asubuhi na andazi. Na hapa, kaka, sitakuficha: nani aliyemfundisha binti yako kwamba soda ni heshima? Kwenye shughuli zako kreti zinapangwa wapi? Mgeni akija nyumbani, mtoto hutumwa dukani kuchukua nini? Soda tuliitawaza sisi, kwenye harusi na ubatizo na maulidi, na maji tukamwachia asiye na uwezo. Mtoto alisoma somo letu vizuri.

Koka yenyewe ilianza mwaka 1886 katika duka la dawa huko Atlanta. Kilichoisambaza ulimwenguni si ladha peke yake. Vita Kuu ya Pili ilipowaka, mkuu wa kampuni, Robert Woodruff, alitangaza kwamba kila askari wa Marekani apate chupa kwa senti 5 popote alipo. Viwanda 64 vya kujaza chupa vikapelekwa nyuma ya majeshi. Vita vilipokwisha askari walirudi kwao na viwanda vikabaki. Nakuambia haya ili usidhani watu wote waliamka siku moja wakapenda. Walipelekewa, kwa meli na kwa fedha nyingi.

Lakini usafirishaji peke yake haujibu swali lako, maana unga wa Yanga nao ulisafirishwa. Jibu langu ni hili: watu wa nje mara nyingi hawanunui chakula cha Marekani. Wananunua kitu kingine kilichokuja kimefungwa pamoja nacho, na kitu hicho hubadilika kila nchi.

Tarehe 31 Januari 1990 McDonald's walifungua mgahawa katika uwanja wa Pushkin, Moscow. Siku ya kwanza walihudumia zaidi ya watu 30,000, na foleni ilizunguka kwenye baridi. Warusi wanajua kupika mkate na nyama tangu enzi. Ila maduka yao wakati huo yalikuwa matupu na wahudumu wamenuna. Mahali palipong'aa, ambapo kilichoandikwa kwenye orodha kipo kweli, na muuzaji anatabasamu, palikuwa kama dirisha la maisha mengine. Japani ni kinyume. Kule hakuna njaa ya huduma nzuri. Wakristo ni wachache mno, lakini tangu tangazo la mwaka 1974 familia nyingi hula kuku wa KFC usiku wa Krismasi, na wengine huagiza wiki kadhaa kabla. Ukimweleza Mmarekani jambo hilo anacheka, kwa kuwa kwao Krismasi haina uhusiano na kuku wa ndoo. Wajapani walichukua kuku wakajitungia sikukuu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Hong Kong, na ndio uliokaribia nyumba yako. Miaka ya 1990 wanaanthropolojia, akiwemo James Watson, walikwenda kukaa na wateja wa McDonald's katika miji ya Asia Mashariki. Hong Kong wakakuta wanafunzi wamejaa humo baada ya masomo, madaftari yametandazwa mezani, soda moja imenyonywa saa mbili. Nyumba zao ni finyu, familia nzima chumba kimoja au viwili. Pale palikuwa na mwanga, na kiyoyozi, na choo safi, na hakuna aliyewafukuza.

Sasa mfikirie binti yako. Kijana wa kiume wa miaka 14 Tanga ana kijiwe, ana uwanja wa mpira, ana baraza la kona ambako hakuna anayemuuliza unafanya nini hapa. Yeye je? Akikaa kwenye kijiwe ni maneno. Akienda kwa muuza chipsi usiku atasumbuliwa na wanaume. Nyumbani kuna vyombo vinamngoja. Nilipowauliza mabinti wa umri huo wanapenda nini kwenye migahawa hiyo, ladha haikuja kwanza. Walisema unakaa. Walisema unajipiga picha na wenzio, hakuna pombe, hakuna mjomba wa kukuita. Inawezekana kabisa kwamba kilichomteka Dar ni zile saa mbili kwenye kiti cha plastiki pamoja na binamu zake, na kuku alikuwa kodi ya kiti.

Ipo pia hadhi. McDonald's hawana mgahawa Tanzania, wala Kenya, na hata hivyo watoto wetu wanaijua herufi yao ya njano kabla ya kuonja chochote. Picha ilitangulia, kupitia filamu na simu. Na bei inapindua mambo. Mdogo wangu anaishi Columbus, Ohio. Anasema kuku yule kule analiwa kwenye gari, mtu ametoka zamu ya pili, amechoka, hana muda wala nguvu ya kupika. Ni chakula cha haraka na cha wenye mfuko mwembamba. Akisikia mtu anasafiri kutoka nyumbani, yeye anaagiza dagaa. Kikivuka bahari, chakula kile kile kinavaa suti: bei yake kwa mfuko wa kwetu ni kubwa, kwa hiyo kinakuwa cha siku ya kuzaliwa na cha kupostiwa. Binti yako anaona suti. Hajaliona gari la Columbus.

Na kwa mpishi kama wewe, ladha kuwa ile ile kila mahali ni jambo la kustaajabisha, lakini ina gharama. Januari 2022 migahawa ya KFC Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyosindikwa vilikuwa vinatoka nje na meli zimechelewa. Wakenya walikasirika, na wana haki. Nyandarua viazi vinaoza mashambani, huku mjini mtu anaambiwa viazi havipo! Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake lazima wapitie ukaguzi wao wa ubora, kisha ikasema itatafuta wakulima wa ndani. Hapo unaiona nguvu ya mfumo na upofu wake kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, je, tunatawaliwa kupitia tumbo? Sitakucheka. Fedha za matangazo hazilingani; hakuna kampuni inayolipa msanii mkubwa aonekane akila matembele. Mtoto anayeona kila siku watu wazuri wakila kitu kimoja atakiona kizuri. Hilo ni shinikizo la kweli, na linawalenga watoto. Lakini mtawaliwa hana la kufanya na anachopewa, na watu wa kwetu wana mengi. Nenda Forodhani, Unguja, uombe piza. Utapewa kitu chenye donge kama la chapati, nyama ya kusaga, yai na kitunguu, kimekunjwa na kukaangwa juu ya tava. Mtaliano hakitambui wala Mmarekani. Vijana wa Dar walianza kwa kukariri mistari ya rapu kwa Kiingereza bila kuielewa, na baada ya miaka michache walikuwa wakiimba matatizo ya Temeke kwa Kiswahili. Ufilipino, kampuni ya Jollibee iliyoanza kama duka la aiskrimu ilichukua kuku na baga za Wamarekani, ikaweka wali pembeni na tambi zenye sosi tamu kama wanavyopenda wenyeji. McDonald's walipoingia haikufa, na leo ina matawi ndani ya Marekani kwenyewe.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Marufuku kamili ninakushauri usiipige. Itafanya kazi akiwa mbele yako. Ikifika likizo nyingine kwa shangazi atakula kwa kulipiza, na chakula kilichokuwa cha kawaida kitakuwa ushindi. Jambo baya zaidi ni kumfundisha mtoto wa kike wa umri huu kula kwa kujificha. Ushauri wa mkeo, kumwacha, una busara upande wa heshima, maana mengi ya haya yatapita yenyewe. Upande wa afya si salama, kwa sababu soda ya kila siku haipiti yenyewe. Na usijidanganye kwamba cha mtaani ni afya kwa kuwa ni chetu: chipsi mayai iliyokaangwa kwenye mafuta ya jana na juzi, yaliyogeuka rangi ya kahawa, haina cha kujivunia mbele ya baga.

Ningekuwa wewe ningeanza na soda peke yake. Nyumbani isiwepo siku za kawaida, kwa wote, na wewe ukiwemo. Ukimnyima yeye huku wewe unakunywa, umeshindwa siku ya kwanza. Kisha kuku. Wewe ni mpishi, mkaange! Mloweke kwenye mtindi wenye chumvi, kitunguu saumu na tangawizi usiku kucha, unga uchanganye na wanga wa mahindi kidogo ili ukoko ulie, mafuta yawe mapya, moto usiwe wa pupa nje akaungua na ndani mbichi. Mara mbili kwa mwezi inatosha, pamoja na kachumbari na wali. Mwite akusaidie. Nina hakika utampita yule mzee wa ndevu. Siku nyingine chakula ni kile cha nyumbani, bila kumpikia sufuria yake ya pembeni na bila kumlazimisha amalize. Aone mnakula. Ladha ya samaki hurudi kwa kuzoea, haiji kwa mahubiri.

Kubana pua achana nako. Watoto hujaribisha sauti kama wanavyojaribisha mitindo ya nywele. Ila lile neno la samaki kunuka lichunguze taratibu. Mtoto wa mpishi hurudi shule na harufu ya bizari kwenye sare. Inawezekana kuna mtu shuleni, au hata Sinza, alimcheka. Usimuulize mezani mbele ya wadogo zake. Muulize mkiwa mnachambua mchele, macho yako chini, halafu nyamaza umpe nafasi.

Yapo mambo ambayo barua haiyatoshi na lazima aonwe ana kwa ana. Mpeleke kituo cha afya au hospitali bila kusubiri likizo ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anaamka usiku mara kwa mara kukojoa na huku anakonda. Hizo zaweza kuwa dalili za kisukari, na kwa watoto hali inaweza kuwa mbaya haraka. Ukiona ngozi ya nyuma ya shingo au kwapani imekuwa nyeusi na nene kama mahameli, haitoki kwa kusugua, usimwambie ni mchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili unahangaika na sukari, naye apimwe. Uchovu wa kudumu, kizunguzungu na viganja vilivyopauka vinataka kipimo cha damu, hasa kwa msichana aliyeanza hedhi na asiyekula mboga wala dagaa. Uzito ukipanda upesi hadi nguo za muhula uliopita hazifungi, tafuta mtaalamu wa lishe wa hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Na angalia zaidi kuhusu kutokula kuliko kula. Kama anasukuma kila sahani, hata ya kuku anaowapenda. Kama anakwenda chooni kila baada ya mlo na kujitapisha. Kama hedhi imekatika, au amejitenga na kulia bila sababu, basi suala si Marekani tena. Hapo anahitaji daktari na mtu wa ushauri nasaha, na anahitaji baba asiyefoka.

Kuhusu Desemba, mimi ningempeleka. Nendeni watatu au wanne, soda moja mgawane na maji mnunue, na wewe uache hotuba Tanga. Mwambie yeye ndiye aagize na akuonyeshe. Wakati mnasubiri, tazama jiko lao kwa jicho lako la kazi: wangapi wako ndani, kuku anakaa dakika ngapi, nani anaonja. Nadhani utagundua hakuna anayeonja, na mtakuwa na la kuongea njiani. Nauli ya kwenda na kurudi itazidi bei ya kuku, najua. Kama mfuko haukubali mwaka huu, mwambie wazi kwamba ni fedha. Usimwambie kwamba ni maadili.